Miaka Miwili ya Kobe

Muhiddin Faki Shaame hakuwahi kufika Japani. Hilo lenyewe si kosa. Wengi waliozaliwa Wete, Pemba, wamezeeka na kufa bila kufika huko wala kupatamani. Lakini kati ya Wazanzibari waliokuwa wakiishi London miaka ya tisini, yeye ndiye aliyetajwa kila ilipozungumzwa nchi hiyo. Mtu akitaka kununua redio au gari kuukuu la Kijapani, alimpigia simu Muhiddin amuulize lipi la kuaminika. Muhiddin alijibu kwa maneno machache, kwa sauti ya chini, na watu wakamwona ni mtu mnyenyekevu asiyependa kujionyesha. Unyenyekevu haukuwamo. Alikuwa anaogopa kuulizwa swali la pili.

Mambo yalianzia Portsmouth mwaka 1980, sebuleni kwa Mzee Khatibu, mtu wa Pemba aliyekimbilia Uingereza na aliyekuwa akisomesha Kurani watoto wa majirani kila alasiri. Muhiddin alikwenda kumposa binti yake, Kijakazi. Alikuwa na miaka thelathini, suti ya kuazima na woga mwingi, maana alijua yupo mposaji mwingine mwenye cheti cha chuo. Mzee Khatibu hakuuliza habari za fedha. Alisema, "Umetoka kwetu mwaka sabini. Nieleze miaka yako, mmoja baada ya mwingine."

Muhiddin akaeleza. Miaka miwili melini, jikoni, akimenya viazi na kuosha masufuria, Mombasa mpaka Durban, Durban mpaka Rotterdam. Kisha akaeleza miaka sita ya ukarani wa stoo ya vipuri vya magari, Park Royal, London, kazi aliyokuwa nayo mpaka siku ile. Mzee alihesabu kwa vidole, akasema, "Imebaki miwili katikati."

Miwili ile ndiyo iliyokuwa taabu. Meli ilipouzwa vyuma chakavu, mabaharia walishushwa kwenye bandari ya Uingereza, kila mtu ajue pa kwenda. Muhiddin hakuwa na pa kwenda. Kazi ya kwanza aliyopewa, katika mji mdogo wa mashariki ambao hakupenda tena kuutaja, ilikuwa ya kiwanda cha nyama ya nguruwe. Alikuwa akitoa mapaja kwenye mapipa ya maji ya chumvi na kuyatundika. Mikono ilimchanika, na jioni aliisugua kwa sabuni mpaka ikatoka damu. Kwa miaka ile miwili hakusali hata rakaa moja. Alijiona hana namna ya kujitoharisha, na baadaye akawa amezoea kutosali, jambo lililomtia aibu kuliko nyama yenyewe. Barua ya kifo cha mama yake ilimkuta huko. Aliisoma chooni, amevaa aproni.

Hayo angeyasemaje mbele ya Mzee Khatibu, na msahafu uko mezani kati yao?

"Nilikuwa Japani," alisema. "Mji wa Kobe. Kampuni ya meli."

Kobe aliijua kwa masimulizi ya Albert, mpishi mkuu wa meli yao, mtu wa Mombasa aliyekaa huko kweli na hakuchoka kupasimulia. Mzee Khatibu alitikisa kichwa, uso umemkunjuka. "Wajapani nasikia ni watu safi sana," alisema. Neno hilo safi lilimwingia Muhiddin mbavuni. Wiki iliyofuata posa ilikubaliwa.

Alijiambia atamweleza Kijakazi baada ya harusi. Baada ya harusi akajiambia ni vyema wapate mtoto kwanza. Mtoto, Najla, alichelewa mpaka mwaka themanini na sita, na wakati huo Kobe ilikuwa imeshaingia katika nyumba yao kama kabati au zulia. Kijakazi aliwaeleza wageni akimimina chai. "Mume wangu ameishi Japani," husema, na Muhiddin huinuka kwenda kutazama kama mlango umefungwa.

Ikafunguliwa bustani ya Kijapani ndani ya Holland Park, magharibi ya London. Kijakazi alikuwa msaidizi wa walimu katika skuli ya watoto wadogo, akasikia habari zake huko.

"Baba Najla, kumbe Japani yako imekufuata mpaka hapa," alimwambia. "Jumapili utupeleke ukatuonyeshe."

Mwaka wa kwanza kulikuwa na mvua. Mwaka wa pili goti lilimuuma. Aprili ya 1993 visingizio vilimwishia, wakatoka watu watatu nyumbani kwao Rayners Lane, juu ya duka la sari, wakapanda treni ya chini ya ardhi mpaka Kensington, kisha wakakwea kilima kwa miguu. Walipita jumba lenye paa lililopindapinda ambamo kila nchi ya Jumuiya ya Madola ilikuwa na kona yake. Najla, miaka saba, alitaka kuingia aione Zanzibar. Muhiddin alisema wataingia siku nyingine. Alitaka aibu yake, kama ipo, imalizike mapema.

Alitazamia kuona kitu kigeni kabisa kitakachomuumbua papo hapo. Badala yake aliona mahali patulivu. Maji yalishuka juu ya mawe ngazi kwa ngazi, yakaingia katika bwawa la samaki wakubwa wekundu na weupe. Micheri ilikuwa imechanua maua ya waridi. Chini ya maporomoko kulikuwa na daraja la mawe bapa, halina ukingo, jembamba hata mtu hupita peke yake au na mtoto mkononi. Muhiddin alipofika katikati yake, kelele za maji zikamfunika masikio, na bila ya kukusudia akatamka jina la mama yake. "Mize," alisema.

"Umesema nini, Baba?" Najla aliuliza kwa Kiingereza. Kiswahili alikielewa chote, ila kujibu alijibu kwa Kiingereza siku zote.

Angeweza kusema kweli. Lilikuwa jambo dogo, mtu kumkumbuka mama yake aliyekufa mbali. Lakini Kijakazi alikuwa nyuma yao anasikiliza, na huko kukumbuka kungemrudisha kwenye barua, na barua ingemrudisha kiwandani.

"Ni desturi ya Wajapani," alisema. "Ukivuka daraja la bustani, unamtaja mama yako kimyakimya."

Najla aligeuka akamtazama mama yake. "Kijakazi," alinong'ona, kwa heshima kubwa, akaendelea kuvuka. Nyuma yake Kijakazi naye akamtaja wake. Muhiddin aliwaona wote wawili wamekunja uso kama wanaoomba dua, na masikio yake yakawaka moto.

Tangu hapo walikwenda kila majira. Wakati wa joto walikaa kwenye nyasi karibu na magofu ya nyumba ya kale, wakala sambusa na kuwasikiliza waimbaji wa opera nyuma ya turubai, bila kulipa kiingilio, tausi wakijibu kwa makelele yao. Majani yalipopukutika walikwenda kutazama ile miti midogo yenye majani kama kiganja cha mtoto, namna inavyogeuka kuwa myekundu tawi kwa tawi. Wakati wa baridi walibeba chai ya tangawizi katika chupa, wakasimama peke yao mbele ya bwawa lililoganda kingoni. Kila mara Muhiddin aliongeza kitu. Taa za mawe, alisema, huwashwa kwa ajili ya wasafiri ambao hawajarudi. Samaki mweupe akija kwako, mgeni yuko njiani. Najla aliyakusanya yote. Kijakazi aliyapeleka katika jumuiya yake ya akina mama, na wakati wa Idi akaanza kuwaleta wenzake makundi makundi, yeye mbele akieleza, mume wake nyuma akitazama viatu.

Januari ya 1995 tetemeko la ardhi liliubomoa mji wa Kobe. Picha zilionekana kwenye televisheni asubuhi, na kufika mchana simu haikutulia. Watu walimpa pole. Kijakazi alilia, akamshika bega, akamwambia asiende kazini. Mzee Khatibu alipiga kutoka Portsmouth akauliza majina ya wenyeji aliofanya nao kazi, apate kuwaombea salama. Muhiddin alibabaika. Macho yake yalitua kwenye redio juu ya kabati, akalitamka jina la walioiunda kana kwamba ni la mtu.

"Huyo ndiye aliyekuwa rafiki yako?" mzee aliuliza.

"Ndiye."

"Nitamuombea," alisema Mzee Khatibu, na bila shaka aliomba, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuahidi bure. Muhiddin aliweka simu chini akaketi. Maelfu ya watu wamekufa, naye anapokea rambirambi zao. Usiku ule alitaka sana kusema. Kijakazi alikuwa amempikia uji kama mgonjwa, naye akaunywa.

Yote hayo aliyamudu, lakini la mwaka 1998 halikumudika.

Najla alikuwa na miaka kumi na miwili, mwaka wa kwanza wa sekondari. Skuli yao iliweka jioni ya mataifa, kila mtoto azungumze dakika tano juu ya nchi moja, wazazi waalikwe. Kijakazi alikuwa na mafua, kwa hiyo Muhiddin alikwenda peke yake, moja kwa moja kutoka kazini. Alidhani mwanawe atazungumzia Zanzibar. Najla alisimama mbele ya watu sitini hivi, akabandika picha za bustani alizopiga yeye mwenyewe za majira yote manne, akasema kwamba nchi yake ni Japani, kwa sababu baba yake aliishi huko.

Alizungumza vizuri, bila ya karatasi. Alieleza taa na wasafiri, samaki mweupe na mgeni. La mwisho akaeleza daraja. Alisema yeye na mama yake hulivuka kila majira wakinong'ona, na kwamba anadhani ni desturi nzuri kuliko zote anazozijua. Watu walipiga makofi. Muhiddin naye alipiga, kwapa zinamtiririka jasho.

Wakati wa chai, mama mmoja alikuja moja kwa moja alipokuwa amesimama Muhiddin na binti yake na mwalimu wa jiografia. Alikuwa Bi Tanabe, Mjapani, mumewe ameletwa London na benki, na mwanawe alisoma darasa moja na Najla. Aliinama kidogo, akamsemesha Muhiddin kwa Kijapani. Alisema maneno mengi, kwa furaha, kama mtu aliyekutana na jirani ugenini.

Muhiddin hakuelewa hata moja. Alitabasamu. Bi Tanabe alingoja jibu. Watu wawili watatu waliokuwa karibu waligeuka wasikilize.

"Nimesahau," Muhiddin alisema kwa Kiingereza. "Ni zamani sana."

"Bila shaka," alisema Bi Tanabe, naye akahamia Kiingereza. "Mimi nimezaliwa Kobe. Ulikaa upande gani?"

"Karibu na bandari."

"Na lile la daraja, nimelipenda sana, lakini sijapata kulisikia. Pengine ni la watu wa mahali fulani? Nani alikufundisha?"

Aliuliza kwa nia njema. Hilo Muhiddin alilikumbuka baadaye kila alipotaka kumchukia. Mwalimu alikuwa ameinua uso, anatazama huku na huku. Muhiddin alifungua mdomo. Alihisi mkono wa Najla, ambao ulikuwa umeshika mkono wa koti lake, ukiachia.

"Nimetunga mimi," Najla alisema. "Baba hajaniambia hayo. Nilitaka hotuba iwe ndefu."

"Yote?" mwalimu aliuliza.

"Ya daraja. Na taa. Na samaki."

Mwalimu hakupaza sauti. Alimwambia, mbele ya Bi Tanabe na mbele ya baba yake, kwamba si vizuri kutunga mambo juu ya desturi za watu wengine na kuyaita kweli, na kwamba inambidi amwombe Bi Tanabe radhi. Najla aliomba radhi. Bi Tanabe aliona taabu kuliko wote, akasema si kitu, si kitu kabisa. Muhiddin alikuwa amesimama pale pale, kikombe mkononi. Ilihitaji maneno matatu tu, "Hapana, ni mimi," na dakika ikapita, na nyingine, na watu wakaanza kukusanya viti.

Njiani kurudi nyumbani Najla alitembea hatua mbili mbele. Kijakazi aliuliza kutoka kitandani mambo yalikwendaje. "Vizuri," alisema Najla, akaingia chumbani kwake. Mwisho wa muhula ripoti ilikuja, na ndani yake mwalimu ameandika kwamba mtoto ana akili lakini ajihadhari na tabia ya kutia chumvi. Kijakazi alimgombeza. Muhiddin alikuwapo mezani, akasikia mke wake akimwambia binti yake, "Hii umeirithi wapi? Kwetu hatuna waongo." Najla alimtazama baba yake mara moja, kisha akaitazama sahani yake.

Hakumfanyia utovu wa adabu hata siku moja. Alimwamkia, alimpa chai, alimshika mkono njia za barafu. Ila hakumuuliza tena kitu. Zamani kila siku alikuwa na maswali, kwa nini hiki, kwa nini kile. Sasa akitaka kujua jambo alikwenda maktaba au alimuuliza mama yake. Na bustani hakwenda tena. Alisema amekua.

Muhiddin alikwenda peke yake. Aliazima vitabu vya bustani za Kijapani akavisoma kwa kamusi, akagundua kwamba karibu kila alichokisema kilikuwa si kweli, na kwamba kweli yenyewe ilikuwa nzuri bila ya msaada wake. Mtunza bustani mmoja alimweleza namna mawe yalivyopangwa na kwa nini maji yamewekwa upande ule. Muhiddin aliyashika yote hayo kichwani bila mtu wa kumwambia. Alikaa kwenye benchi wakati wa micheri, wakati wa joto, wakati wa majani mekundu, wakati wa baridi, mwaka baada ya mwaka, lakini daraja hakulivuka. Mwaka 2001 Mzee Khatibu alifariki, naye alikuwa mmoja wa waliomkosha kabla ya kuzikwa. Aliona haya kwa mikono yake, akimwagia maji mtu aliyeiamini.

Oktoba ya 2003, Najla akiwa na miaka kumi na saba, Muhiddin alimwomba watoke pamoja.

"Nina mitihani, Baba."

"Saa mbili tu. Nina jambo la kukwambia, na nyumbani siwezi."

Walikaa kwenye benchi mbele ya bwawa. Alikuwa amejipangia hotuba, ikampotea, akaanzia mwisho. "Sijafika Japani," alisema.

"Najua. Nimejua tangu siku ile."

"Hujui nilikuwa wapi."

Akamweleza. Aliyasema akitazama mikono yake, mapipa, chumvi, aproni, miaka miwili bila ya sala. Alieleza swali la Mzee Khatibu na jibu lake. Najla alisikiliza mpaka mwisho, kofia ya koti imefunika nusu ya uso.

"Na daraja?" aliuliza. "Lilitoka wapi?"

"Mama yangu alikufa nikiwa kiwandani. Siku ile nilipolivuka nilimkumbuka, nikamtaja. Wewe ukaniuliza nimesema nini."

"Kwa hiyo hiyo haikuwa uongo."

"Kumtaja haikuwa uongo. Kusema ni ya Wajapani ndiyo uongo."

Najla aliisukuma nyuma kofia ya koti. Kisha akasema, kwa Kiswahili, Kiswahili chake cha kujikwaa ambacho Muhiddin hakukisikia mara kumi maishani, "Mimi nguruwe sijali. Mimi najali ulinyamaza."

"Niliona haya, mwanangu."

"Na mimi je? Mimi sikuona haya?"

Alisema atamwandikia mwalimu wa jiografia barua. Najla akarudi kwenye Kiingereza chake akamwambia mwalimu yule aliondoka zamani, hajui aliko. "Mwambie Mama," alisema. "Yeye ndiye anayeniona mimi mwongo."

Alimwambia Kijakazi jioni ile ile, baada ya chakula. Kijakazi hakupiga kelele. Aliuliza la kiwanda mara mbili, kama aliyesikia vibaya, akasema kazi ya dhiki ni kazi ya dhiki, baba yake angemwelewa. Muhiddin alipoanza kupumua ndipo alipoendelea.

"Lakini mimi umenifanya nini? Nimewachukua wanawake wazima, nimewasimamisha pale, nimewahubiria upuuzi wako kwa mdomo wangu. Na mtoto nimemgombeza wewe unasikia, kijiko kiko mkononi."

Kesho yake alikwenda Portsmouth kwa dada yake akakaa siku tisa. Aliporudi hakutoa masimango. Alitoa sharti moja, kwamba safari ya jumuiya ya mwaka unaokuja, Muhiddin atawaeleza watu mwenyewe, pale pale.

Siku hiyo ilifika Aprili ya 2004. Walikuja watu kumi na wanane, wengi akina mama, na waume wachache waliofuata biriani. Muhiddin alisimama mbele ya lango la bustani. Alikuwa ameandika karatasi, lakini aliikunja akaitia mfukoni bila kuisoma.

"Miaka yote nimewaambia nimeishi Japani," alisema. "Sijafika. Niliwadanganya, na mke wangu naye nilimdanganya, na alichowaeleza humu alikipata kwangu, hana kosa. Binti yangu alibebeshwa mzigo huu akiwa mdogo, mimi nikimtazama. Nakuombeni radhi."

Mtu mmoja alikohoa. Muhiddin alitamani wamtukane. Wanaume walitazama nyasi, na mmoja, ambaye alinunua gari kwa ushauri wake, alitikisa kichwa taratibu kama anayeanza kuelewa. Bi Sichana, mkongwe wao, mtu wa Chake Chake, alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha magurudumu na blanketi magotini.

"Sasa tunaingia au tunarudi?" aliuliza. "Maana mimi nimetoka Wembley saa mbili."

Wakaingia. Muhiddin alisukuma kiti cha Bi Sichana. Watu walitembea wakitazama maua, wakanong'onezana, na aliyajua yanayonong'onwa. Baadhi yao hawakumpigia simu tena, hata za Idi. Wengine waliendelea kama kawaida, na hao ndio aliowaonea haya zaidi.

Agosti ya mwaka huo Najla alipata nafasi ya chuo, mji wa kaskazini. Wiki moja kabla ya kuondoka alikwenda na baba yake Kensington kununua mashuka. Mvua kubwa iliwakuta barabarani karibu na bustani, wakakimbilia nyumba ya mchoraji mmoja wa zamani iliyogeuzwa makumbusho. Muhiddin aliwahi kuipita mara nyingi bila kuingia. Ndani kulikuwa na ukumbi wa kuba, kisima kidogo katikati, na kuta zimevikwa vigae vya buluu vya Kishamu, na juu yake maandishi ya Kiarabu yakizunguka.

Najla alisimama akiinua shingo. "Imeandikwa nini?" aliuliza.

Muhiddin hakutambua mara moja kwamba ameulizwa yeye. Ukiacha siku ile ya benchi, ulikuwa ni mwaka wa sita tangu aulizwe. Akayatazama maandishi, akayajua. Alihifadhi aya zile za Kurani chuoni Wete, akiwa mdogo kuliko mtoto wa skuli. Akasoma kwa sauti ndogo, akatafsiri neno kwa neno kwa Kiswahili, Najla akifuata kwa kidole hewani. Walipofika kwenye kona moja, vigae vilikuwa vimepangwa vibaya au vimevunjika, herufi hazishikani.

"Na pale?"

Alitazama kwa muda mrefu. Alijua kinachopaswa kufuata, angeweza kukisema na hakuna ambaye angejua. "Pale siwezi kusoma," alisema. "Sioni."

Mlinzi wa ukumbi, kijana mpole, alisogea. Alisema watu wachache sana huja wakaweza kusoma ukuta ule, akauliza bwana amejifunza wapi.

"Pemba," alisema Muhiddin. "Kwa mwalimu wa mtaani kwetu."

Lilikuwa jibu la kweli tupu, hakuongeza wala hakupunguza. Lakini kabla mlinzi hajasema kitu, Muhiddin alimwona Najla akigeuza macho upesi kutoka kwa mlinzi kuja kwake, akamchungulia usoni, namna mtu anavyoinua noti kwenye mwanga kabla ya kuipokea. Ilikuwa nukta moja tu. Kisha akatosheka, akarudisha macho ukutani, akamwomba aendelee na mstari wa pili.

Muhiddin aliendelea. Nje mvua ilikuwa inapungua, na bado walikuwa na mashuka ya kununua.